Chekechea alikuwa anaongoza, darasa la kwanza analia kila asubuhi. Nimekosea wapi?

MamaVitumbua (Mbagala):
Habari za jioni wanajamvi, na shikamooni walimu mliomo humu. Kijana wangu ana miaka 6, kaanza darasa la kwanza Januari hii, shule ya serikali. Chekechea alisoma hapahapa mtaani miaka miwili, watoto 18 kwenye sebule ya mtu, dada mmoja anafundisha, mwingine anawapikia uji. Siku ya mahafali alivaa joho, akaimba mpaka nikatokwa machozi. Sasa mwalimu wake ananiambia darasani wako 113.

Msije mkasema mzazi mzembe. Likizo yote ya Desemba nilimkalisha. Mimi nachoma vitumbua alfajiri, yeye kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ananisomea A, B, C mpaka Z. Ila ukimwonyesha neno "baba" anasema "bii, ei, bii, ei", halafu ananitazama kama vile mimi ndiye wa kumalizia. Madaftari nakagua kila siku, na akikosea nafuta naandika mwenyewe asije akagombezwa. Pamoja na yote hayo, kila asubuhi tumbo linamuuma. Jumamosi na Jumapili haliumi! Baba yake anasema ni deko, achapwe. Moyo wangu unakataa. Mliopita hapa mlifanyaje?

MwalimuChaki:
Marahaba mama. Nina miaka 14 na darasa la kwanza. Hukuzembea, umezidisha.

Hizo bii na ei ndizo zinazomkwamisha kusoma. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 tunaanza na sauti: mtoto asikie b inavyolia, aiunganishe na a, apate "ba". Wako kaja na majina ya herufi ya Kiingereza, kwa hiyo mwezi mzima anasahau kwanza ndipo ajifunze. Chekechea nyingi za mtaani ziko hivyo, wazazi wanapenda kusikia mtoto anataja "epo". Waliosoma awali hapahapa shuleni kwetu hawana shida hiyo, na kengele wanaijua, na sisi walimu wanatujua kwa sura.

Na tafadhali acha kufuta. Mwenye watoto mia na ushee anamjua mtoto wako kwa daftari. Ukimsahihishia, naweka vema napita.

Lakini tumbo la Jumatatu mpaka Ijumaa si la herufi. Hebu muulize: chooni anaenda na nani?

BabaPacha_Kilifi:
Mwalimu, hapo kwa wazazi nakupinga kidogo. Huku Kenya mtaala wa umilisi ulipoingia madarasa ya chini 2019, "mzazi ashiriki" iligeuka kuwa mimi kukata maboksi saa nne usiku. Mimi ni utingo wa matatu, narudi wamelala. Mtoto wa jirani ambaye mamake ni mwalimu, kazi yake inang'aa. Za pacha wangu zimegandishwa kwa ugali. Huyu mama anaamka alfajiri, msimtwishe mengine.

MwalimuChaki:
Ndugu yangu, mbona nimempunguzia? Nimemwambia asifute. Madarasa yamefurika tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, na kuanza kwake ni jambo jema, waliokuwa wanabaki nyumbani sasa wako mbele yangu. Ila siwezi kumshika kila mmoja mkono. Mzazi akinijia dakika tano wiki ya kwanza, akaniambia "huyu akiogopa haongei", kanisaidia kuliko daftari safi.

MamaVitumbua:
Mwalimu, nimemuuliza. Haendi. TANGU JANUARI haendi. Kifungo cha kaptula ya sare ni kigumu, hawezi kukifungua, kule chekechea dada ndiye alikuwa anamfungulia. Na mlangoni wanakaa wavulana wa darasa la sita wanawacheka wadogo. Kwa hiyo uji hanywi, maji hanywi, anajibana mpaka arudi nyumbani. Na mimi muda wote namkazania A, B, C.

Kifungo nimekitoa, nimeweka mpira. Mtoto wa jirani yuko darasa la tano, anamsindikiza wakati wa mapumziko kwa malipo ya vitumbua viwili (leo kashaanza kudai vitatu). Baba yake kanyamaza kimya, hazungumzii tena fimbo. Siku ya tatu leo tumbo halijauma.

Kuhusu daftari, jana kaandika "dada" pale pa "baba". Mkono ulishafika kwenye kifutio, nikaurudisha. Kapata mbili kati ya tano, na mwalimu kaandika chini kwa wino mwekundu: mzazi njoo Ijumaa. Sasa Ijumaa nina oda ya vitumbua 400 vya harusi. Nikienda saa nane mchana nitamkuta kweli, au wanakuwa wameshaondoka?

MwalimuChaki:
Saa nane wengi wetu tunakuwepo, tunasahihisha. Ila mtumie ujumbe leo kupitia kijana, asije akadhani umepuuza. Na hiyo "dada" isikutishe, b na d zinawasumbua wengi mpaka katikati ya mwaka.