Saa mbili za kunyonyesha: zitumike ofisini, au mama aondoke mapema?

Kitwana wa Mbagala

Wadau, tulijadili hili bila kuzunguka. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha au zaidi. Akisharudi, mwajiri lazima amruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ugomvi unaanzia hapo. Kinamama wengi wanaziweka mwisho wa siku: kazi inaisha saa 11:00, yeye anatoka saa 9:00. Waajiri wengine wamekataa kabisa. Wanasema "ndani ya saa za kazi" maana yake katikati ya siku, na jioni utoke na wenzako.

Sasa tazama wiki ya mzazi anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar, na kulala Mbagala, mbali huko. Jumatatu alfajiri dada wa kazi amepigiwa simu, kwao kuna msiba. Jumanne mtoto amechanjwa, usiku anachemka. Jumatano umeme umekatika toka asubuhi na maziwa yako kwenye friza. Alhamisi gari la shule halikuja, mkubwa yuko getini na begi. Ijumaa kikao kimepangwa saa 10:00 jioni. Katika wiki kama hiyo, saa mbili za mwisho wa siku ndiyo nafasi pekee ya kurekebisha mambo. Ukizipeleka mchana, mtu hafiki Mbagala akarudi, kwa foleni ipi?

Nani aamue zitumike lini, mama au mwajiri?

Afisa Utumishi

Mkuu, sheria umeisoma nusu. Inasema "hadi" saa mbili, na haisemi zikae asubuhi, mchana wala jioni. Sheria isiposema, watu wanakubaliana. Kinachoharibu ni mdomo. Mama anarudi, anamwambia msimamizi wake, msimamizi anasema sawa. Baada ya mwezi msimamizi anahamishwa, anakuja mwingine, anafungua rejesta na kukuta mtu anaondoka saa 9:00 kila siku. Anamwandikia barua ya utoro. Hapo kila mtu ana haki yake na hakuna karatasi.

Barua iandikwe wiki mbili kabla ya kurudi. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe ya kuanza, saa anazoomba, zitakavyotumika (zote jioni, au moja asubuhi na moja jioni), na nani atashika kazi yake muda huo. Hilo la mwisho ndilo linalofanya mwajiri asaini. Mwajiri hagombani na kunyonyesha, anagombana na dirisha la wateja lisilo na mtu. Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine kwa mama. Na saa hizi zisichanganywe na mapumziko ya chakula, hayo ni haki nyingine kabisa.

Kwa wanaokaa mbali sana, wakamue ofisini na kuweka kwenye friji. Ingawa niseme ukweli, maziwa ya mtu kukaa friji moja na chakula cha wafanyakazi haipendezi.

Nesi wa Zamu

Haipendezi kwa nani, afisa? Friji hiyo hiyo ina maziwa ya ng'ombe, na ng'ombe hamkumwona akioga. Haya ni maziwa ya mama mwenye afya, yamekamuliwa kwa mikono iliyooshwa, yamefunikwa. Kauli kama hiyo ndiyo inayowapeleka kinamama kukamulia chooni, na chooni ndiko yanakochafuka.

Nieleze vizuri ili mtu asipotoshwe. Osha mikono kwa sabuni na maji tiririka. Chombo kiwe cha kioo au plastiki ngumu yenye mfuniko, kimeoshwa na kuchemshwa dakika kumi. Kidole gumba kikae juu ya titi, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze vidole juu ya ngozi, unajichubua bure na maziwa hayatoki. Badilisha titi kila dakika tatu hadi tano, jumla dakika 20 hadi 30, kila baada ya saa tatu hivi. Anayesubiri hadi titi liwe jiwe ndiye maziwa yake yanayopungua, maana mwili unatengeneza kadiri unavyotolewa.

Weka ml 60 hadi 120 kila chombo, kiasi cha mlo mmoja, ili kisichonyweka kisiwe kingi. Andika tarehe na saa. Kwenye friji ya nyuzi 4 yanakaa siku nne, yakae ndani kabisa na si mlangoni. Mezani, kwenye nyuzi 25, mwisho saa nne, na Dar ya Februari inavuka 30, kwa hiyo usizitegemee hizo saa nne.

Jambo ambalo hamjaligusa: siku 84 ni wiki 12. Chanjo ya wiki ya 14 inamkuta mama kazini. Aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua anarudi mtoto akiwa na wiki nane tu, na ya wiki ya 10 nayo inamkuta kazini. Siku hizo zipo kwenye kadi ya kliniki toka mtoto anazaliwa. Ziombwe mapema, na kesho yake pia, maana homa ndogo ya siku moja au mbili ni kawaida. Ikizidi hapo, au mtoto akikataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya.

Jirani wa Friji

Nesi, mimi sipingi maziwa. Napinga chombo kisicho na jina. Friji ya ofisi ina samaki wa Jumatatu, mchicha uliomwagika, na kikopo ambacho hakuna anayejua cha nani. Mtu wa usafi Ijumaa anatupa kila kisichoandikwa, na ana haki. Tena yale maziwa yakikaa yanatoa harufu ya sabuni, watu wanadhani yameoza.

Nesi wa Zamu

Harufu ya sabuni inatokana na mafuta ya maziwa kuvunjwa na kimeng'enya kilichomo humo humo. Hayajaharibika na mtoto anaweza kuyanywa. Yaliyoharibika yanachachuka, hayafichiki. Kuhusu jina nakuunga mkono: kopo moja kubwa lenye mfuniko, limeandikwa jina la mama, vyombo vidogo vyote vikae ndani yake. Hakuna atakayeona kitu wala samaki hawatagusa kitu.

Mvita

Ndugu zangu, huku Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba maalumu cha kunyonyeshea na kukamulia, kwa hiyo friji ya samaki isingekuwa mada. Lakini msituonee wivu haraka. Muda wetu hauzidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, na ndani ya hiyo saa umo mwendo wa kwenda chumbani na kurudi. Jengo la ghorofa nane lenye lifti moja, dakika kumi zimeliwa na ngazi. Ninyi mna saa mbili, hatuna sisi. Tulichowazidi ni baba: huku anapata wiki mbili zenye malipo, huko naona mnampa siku tatu, na hata hizo sidhani kama wanazitumia kwa mtoto.

Baba Zawadi

Mvita umekosea adabu. Siku tatu zenyewe lazima zichukuliwe ndani ya siku saba toka mtoto azaliwe. Mama akijifungua kwa upasuaji, siku tatu zinaisha bado yuko wodini. Baba ametumia siku zake kupeleka uji na kufua khanga, unataka azitumie kwa mtoto yupi, aliyelala wodi ya wazazi ambako hata kuingia ana saa maalumu?

Mzigo wa wiki hauko kwenye hizo siku tatu. Uko saa 10:30 alfajiri na saa 12:00 jioni. Kupasha maziwa hakuhitaji titi: chombo kinakaa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, kinazungushwa taratibu, yanajaribiwa kwenye kiwiko. Hayachemshwi jikoni wala hayaingii maikrowevu, maana sehemu moja inaunguza na nyingine iko baridi. Kisha kikombe kidogo, mtoto amekaa wima, anaramba mwenyewe, humwagii mdomoni. Baba yeyote anaweza. Na mtoto akiugua tuna siku nne kwa mwaka za kuuguza, baba sawa na mama. Kinamama wanazimaliza za kwao kwanza, na baba hata hajui kama anazo.

Afisa Utumishi

Si kwa mwaka, kaka. Ni siku nne katika mzunguko wa miezi 36, kifungu cha 34, na humo humo yamo maradhi ya mtoto pamoja na misiba ya mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu na ndugu. Zikiisha, siku za ziada ni kwa ruhusa ya mwajiri na hazilipwi. Ndiyo maana nasema baba na mama wasiondoke siku moja. Mtoto akilazwa, baba achukue zake mbili za kwanza, mama abaki nazo.

Binti Tandale

Mmeongea friji, kikombe, mzunguko wa miezi 36. Anayeyapasha hayo maziwa saa 5:00 asubuhi ni nani? Ni dada wa kazi, ambaye Kitwana amemtaja kwenye sentensi moja kama balaa la Jumatatu. Amefiwa, aende wapi?

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023, kabla ya mpya ya Januari 2026, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada wa nyumba ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Kwa pesa kama hiyo mnamkabidhi mtoto wa wiki 12, halafu mnashangaa anaondoka. Dada haondoki ghafla. Anaondoka mshahara ukichelewa, hana siku ya kupumzika, na hana mahali pa kulala zaidi ya godoro la sebuleni ambalo wageni wakija linakunjwa.

Kosa kubwa ni kumleta Jumapili mama akarudi kazini Jumatatu. Mtoto hamjui na yeye hajui maziwa yanafanywaje. Awepo angalau wiki mbili kabla. Wiki ya kwanza aangalie. Wiki ya pili anyweshe yeye kwa kikombe na mama atoke chumbani, kwa sababu mtoto akisikia harufu ya mama anakataa kikombe. Ukutani ibandikwe karatasi: saa za kunyonya, kilichotangulia kukamuliwa kinatumika kwanza, kilichobaki kwenye kikombe kimwagwe baada ya saa mbili, namba za mama, baba na jirani mmoja. Yule jirani ndiye anayeiokoa Jumatatu ya msiba. Aandaliwe naye, aonyeshwe, alipwe siku akiitwa.

Baba Zawadi

Hakuna aliyemdharau dada. Ila hiyo 60,000 ilikuwa kima cha chini, na anakula na kulala humo humo.

Binti Tandale

Kula na kulala ndiyo sababu anaamshwa saa 9:00 usiku. Sheria hii hii ya 2004 inamhusu: saa 45 kwa wiki, saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, likizo ya mwaka siku 28. Na akijifungua, siku 84. Nani humu amewahi kumwandikia mkataba?

Fundi wa Zamu ya Usiku

Naona wote mnaongelea ofisi yenye meza. Kiwandani mashine haisimami. Mtu mmoja wa kufungasha akitoka saa mbili kabla, mzigo unarundikana kwa aliye nyuma yake, na malalamiko yanatoka kwa wenzake wala si kwa mwajiri. Kinachowezekana huko ni mtu wa akiba mmoja kwa kila zamu anayezunguka: anashika nafasi ya mama dakika 30, anarudi kwa mwingine. Vipindi vinne vya dakika 30 ni saa mbili kamili. Lakini kukamua peke yake ni dakika 20 na kitu, kabla hujavua koti la kazi na kunawa. Kwa hiyo vipindi vitatu vya dakika 40, mashine inaendelea na mama hakimbii. Na kama anaweza kupangiwa zamu ya asubuhi tupu mpaka mtoto afike miezi sita, itakuwa bora kuliko yote hayo. Siku 180 toa 84, ni siku 96. Kiwanda gani kinashindwa kupanga siku 96?

Kitwana wa Mbagala

Fundi amerudi kwenye swali, asante. Mwajiri akikataa kabisa hata baada ya barua, mama anakwenda wapi?

Afisa Utumishi

Aanzie kwa chama cha wafanyakazi kama kipo. Kama hakipo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, anajaza fomu namba 1. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60 toka ulipotokea, wa kuachishwa una siku 30. Wengi wanachelewa kwa sababu wanasubiri majibu ya mdomo. Barua yenye muhuri wa mapokezi ndiyo inayoonyesha siku zilianza lini.

Jirani wa Friji

Na yule wa Jumatano, umeme umekatika toka asubuhi? Hakuna aliyemjibu.

Nesi wa Zamu

Asifungue friza. Iliyojaa inashikilia baridi kama saa 48, iliyo nusu kama 24, lakini friji ya kawaida ni saa nne tu. Kwa hiyo friza yenye nafasi ijazwe chupa za maji zigande, robo tatu ya chupa, maana maji yakiganda yanapanuka na kupasua. Chupa hizo hizo zinaingia kwenye kopo la baridi wakati wa kusafirisha maziwa kutoka kazini: zikizunguka vyombo pande zote, saa 24 hayaharibiki, hata basi la mwendokasi likichelewa. Yaliyoyeyuka kabisa hayarudishwi kuganda. Yawekwe kwenye friji yenye baridi na yatumike ndani ya saa 24.