Peter Falk na Columbo, miaka yote ile koti lile lile hakuchoka?

Mkeshaji:
Wakuu salama? Nimeanza kuangalia Columbo juzi juzi, ile ya Marekani ya luteni wa polisi wa Los Angeles, na sasa hivi silali. Kinachonishangaza ni kwamba muuaji unamjua toka mwanzo, tena unamwona kabisa anavyoua, halafu bado unakaa mpaka mwisho kama mtu hujui kitu. Nimecheki naona Peter Falk kaanza 1968 kaja kumaliza 2003, hiyo ni miaka 35 mtu mmoja. Hivi hapo muigizaji anakuwa amekwama au ndo kipaji chenyewe? Maana mi nikimwona kwenye muvi nyingine namwona luteni tu kabadilisha nguo.

Babu Rimoti:
Mkuu hiyo 35 isikutishe, episodi zote ni 69 tu. Haikuwa ya kila wiki, kituo cha TV cha NBC walikuwa wanaizungusha na sirizi zingine kwenye muda ule ule, wiki hii Columbo wiki ijayo mpelelezi mwingine kabisa, halafu ikasimama 1978 mpaka kituo kingine, ABC, walipoirudisha 1989. Mtu wa episodi chache kwa mwaka anapata pumzi, katikati hapo jamaa alikuwa anafanya muvi na rafiki yake mwongozaji John Cassavetes. Sasa we mchukue Horst Tappert wa Ujerumani, yule wa Derrick, 1974 hadi 1998 kapiga episodi 281. Huyo ndo wa kumuuliza kama alichoka 😂

Kaswali Kamoja:
Swali la kwa nini unakaa mpaka mwisho: raha yake sio nani kaua, raha ni kusubiri atateleza wapi. Muuaji karibu kila mara ni tajiri au msomi anayejiona, anaingia huyu mzee nywele timutimu na kigari chake cha Peugeot kimechoka, anamdharau, anamjibu ovyo ovyo, luteni anaaga anaondoka unaona muuaji kashapumua, kufika mlangoni jamaa anageuka eti kuna kaswali kamoja kamebaki. Hapo ndo huwa nakaa vizuri kwenye kiti. Na lile koti alikuja nalo Falk mwenyewe, ni lake, sio la kampuni. Hata yale macho, jicho la kulia ni la bandia, alitolewa akiwa na miaka mitatu sababu ya saratani.

Babu Rimoti:
Na wala sio Falk wa kwanza kucheza nafasi ya Columbo. Bert Freed aliicheza kwenye TV 1960, Thomas Mitchell akaicheza jukwaani, leo nani anawakumbuka? Kuhusu kukwama, Falk alishatajwa kwenye Oscar mara mbili kabla hata hajavaa hilo koti, na Columbo peke yake imempa tuzo nne za TV za Emmy. Kama huko ndo kukwama basi na mimi nikwamishwe.

Mkeshaji:
Haya nimeelewa, episodi chache ndo siri. Sasa mke wa luteni anayemtaja kila dakika anaonekana episodi ya ngapi?

Kaswali Kamoja:
Usimsubiri mkuu. Walikuja kumfanyia sirizi yake 1979 akacheza Kate Mulgrew, haikudumu, ila kwenye Columbo yenyewe haonekani hata siku moja.