Motahomu kwenye vibarabara vya Scotland: zipigwe marufuku au madereva wafundwe?

Wakuu habari za wikiendi. Naileta hii tuijadili maana juzi nimechelewa kazini kisa motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake.

Kwa wasiojua, huku kaskazini mwa Scotland barabara nyingi za vijijini ni lami ya gari moja tu, upana kama mita 3, na hiyo hiyo anapita anayekwenda na anayekuja. Kila baada ya kipande kuna kijipanuko chenye kibao cheupe, hapo ndo pa kupishana. Tangu 2015 walipoizindua North Coast 500, maili 516 unaanzia Inverness unazunguka pwani unarudi Inverness, kiangazi motahomu zinamiminika kama siafu.

Mimi nahudumia wazee majumbani. Nina bibi mmoja dawa yake ni saa 2 asubuhi. Juzi nipo nyuma ya motahomu inatambaa maili 20 kwa saa, imefungwa baiskeli mbili nyuma, tairi la moja linazunguka taratibu kwa upepo, basi nikawa naliangalia hilo tu. Vijipanuko 11 tumevipita, nilihesabu. Akitokea mtu mbele jamaa anampisha vizuri kabisa na mkono anapunga, mstaarabu, ila sisi gari 6 na lori la samaki tulio nyuma ni kama hatupo. Cha 12 ndo kabisa, kuna motahomu nyingine imepaki humo, wametandaza viti vya kukunja wanakunywa chai.

Na sheria za barabarani zimesema wazi, kanuni ya 155: unaingia kijipanukoni akija mtu mbele AU wa nyuma akitaka kuovateki. Kanuni ya 156 inakataza kupaki humo.

Jirani yangu anataka zizuiwe moja kwa moja. Mi naona tatizo sio ukubwa wa gari, basi la shule ni kubwa na halijawahi kunichelewesha, tatizo ni mtu hatazami saiti mira. Nyie mnasemaje?

Jibu:
Mkuu zizuiwe tu. Pale kwenye barabara ya mlimani inayoitwa "Bealach na Bà", kuelekea kijiji cha Applecross, inapanda mpaka mita 626, chini kabisa kuna bango kuubwa linashauri magari makubwa sana na karavani (nyumba za kukokotwa na gari) zisipite, wanaopiga picha na bango ndo hao hao wanapanda. Ukikutana nao konani rivasi hawawezi, unarudi wewe unayepanda wakati anayepanda ndo anatakiwa apishwe.

Jibu:
Nawatetea kidogo. Mwaka jana tulikodi na familia. Leseni ya kawaida inaruhusu mpaka kilo 3,500 kwa hiyo unapewa funguo, unaoneshwa choo na jiko, mita 7 za gari unaondoka nazo, habari ya kupishana hakuna aliyenigusia. Nilikuwa natetemeka, macho mbele tu, ntaangalia nyuma saa ngapi? Wafundishwe pale pale wanapokodi. Halafu mtoa mada si upige honi, Mombo kwenda Lushoto si tunapiga kila kona na maisha yanaenda?

Mtoa mada:
Wa kwanza, hapo Bealach nakubali kidogo, ila ukiwazuia pale watazunguka kwa njia ya pwani ya Shieldaig, na huko nako ni lami ya gari moja, utakuwa umeihamisha foleni tu. Wa pili umenena, nusu saa ya somo kabla ya funguo ingetosha, na wakupe mfano wa foleni ya nyuma sio choo tu.

Ya honi nilishajaribu mara moja. Mzee akasimama katikati ya lami, akashuka, akaja dirishani kuniuliza kwa upole kama gari langu limeharibika anisaidie.