Sili ya krenki mara tatu ndani ya miezi 14! Mafundi, huwa mnatibu nini hasa?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Na kama wewe ni fundi unasoma hapa, usipite kimya.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A-FE, ya kukanyaga klachi. Najua ni mzee. Wale wa "uza ununue nyingine", hiyo hela mtanipa nyie?

Mwaka jana mwezi wa tatu nikaanza kuona doa la oili ninapoegesha, pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi wangu wa siku zote akaingia chini, akatoka na kidole cheusi: sili ya nyuma ya krenki, ile raba ya duara inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokeza nje. Sawa. Giaboksi likashushwa, sili ya 15,000 ikawekwa, ufundi laki na ishirini. Miezi mitano, doa limerudi palepale. Akaapa ile sili ilikuwa feki. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri hapa Dar, nikanunua ya 45,000, giaboksi chini tena, laki na ishirini tena. Hiyo ndiyo kwanza haikumaliza hata miezi minne, na ilipoachia iliondoka na klachi. Oili ilimwagikia pleti, nikawa napandisha Kimara injini inalia lakini gari halisogei, nyuma daladala wananipigia honi kama nimefunga barabara kwa makusudi. Pleti 95,000.

Nikasema basi, niende gereji ya maana, yenye geti na risiti. Ufundi laki na themanini. Walipofungua wakakuta sili imekaa upande, imetoka kwenye kiti chake milimita kadhaa. Wakanionyesha wenyewe! Wakaweka nyingine ya 45,000, wakafunga. Sili haina miguu jamani. Ikihama, kuna kitu kimeisukuma, na hakuna hata mmoja pale aliyejiuliza ni kitu gani. Mwezi wa nne mwaka huu doa jipya. Nikawarudia, wakaniambia injini imechoka, niandae milioni moja na laki nane ya ovaholi, yaani injini ifumuliwe yote na kuundwa upya.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, maisha yake yote alikuwa anahangaika na jenereta. Hakuingia hata chini ya gari. Aliuliza tu: "Kijana, injini yako inapumulia wapi?" Nikabaki namtazama.

Akaniambia niwashe, gari likae sailensa (lingurume bila kukanyaga mafuta), nifungue mfuniko wa oili. Tukavisha mdomo ule mfuko wa mkate (rambo si zilipigwa marufuku tangu 2019), tukaubana na raba. Wakuu, ule mfuko ulijaa kama puto kabla sijamaliza kusema "shikamoo" kwa mama aliyekuwa anapita. Injini nzima, anasema, ingeunyonya kidogo au ungelegea tu pale juu.

Maana yake ni hii. Hata injini mpya kuna gesi inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini. Lazima itoke. Kwenye 5A ina njia mbili: valvu ndogo ya PCV iliyochomekwa kwenye kava la tapeti, mpira wake unakwenda kwenye manifodi inayoingiza hewa kwenye silinda, halafu mpira wa pili unaokwenda kwenye bomba la hewa. Mzee akachomoa valvu akaitikisa sikioni kwangu. Kimya. Nzima inatakiwa ilie chaka-chaka. Yangu ilikuwa imeshindiliwa tope jeusi kama lami ya juani.

Akaminya ule mpira wa pili. Mgumu. Akalegeza klipu, ikatoka BOLITI. Boliti nene, imezibishwa kwa makusudi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma fundi wangu aliniambia, "Bosi, oili ilikuwa inaingia kwenye hewa klina, nimekuzibia." Nikamshukuru na nikampa 5,000 ya soda! Njia moja ikazibwa na fundi, nyingine ikazibwa na tope, gesi ikatafuta sehemu laini ya kutokea. Na huyohuyo ndiye aliyebadilisha sili mbili za kwanza, boliti yake iko juu inamtazama. Juu ya hapo alikuwa anamimina galoni nzima ya lita 4 kwenye injini isiyofika lita 4. Dipstiki kwake ni pambo.

Nikapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo kwenye silinda: zote nne zimecheza kati ya psi 165 na 175. Ringi ziko hai. Ovaholi ya nini?

Valvu 18,000, mpira 3,000. Kadibodi iko chini ya gari wiki ya tatu sasa, upande wa nyuma pakavu. Mfuko wa mkate sasa unanyonywa. Nilichokwishatupa ni 620,000, sijahesabu oili.

Sasa kilichobaki ndicho kinachonichoma. Sili ya mbele, nyuma ya puli. Pale pale kwenye gereji ya risiti walibadilisha na hiyo "kwa tahadhari", wakaing'oa kwa bisibisi. Nimefungua nikamulika tochi: kuna mchirizi kwenye shingo ya krenki, ukucha unakwama kabisa. Nimebadilisha sili mwenyewe, nimeipaka oili mdomoni kabla ya kuisukuma, bado inatoa jasho. Na ikiendelea italowesha belti ya taimingi niliyoifunga juzi.

Nimeambiwa kuna kikombe chembamba cha chuma kinachovishwa juu ya ile shingo, au sili isukumwe ndani milimita moja hivi mdomo wake ukae pasipo na mchirizi. Nani ameshafanya mojawapo kwenye 5A ikadumu? Na hicho kikombe kwa Dar kinapatikana wapi?

Atakayeandika "badilisha sili mkuu" simjibu.