Mjadala: Ukakamavu wa tanjenti katika mguso wenye msuguano uchaguliwe kwa kigezo gani?

Mtoa hoja:
Tunapoiga msuguano kwa elementi finiti (kukigawa kitu katika vipande vidogo vya hesabu) kwa kutumia njia ya penalti, inayoweka mfano wa chemchemi kati ya nyuso, nyuso mbili zinazogusana haziganduki kabisa kabla ya kuteleza, bali huruhusiwa kusogeana kidogo, kwa kiasi cha mkazo wa tanjenti (ulio sambamba na uso) kugawanywa kwa ukakamavu wa tanjenti, yaani ugumu wa chemchemi hiyo, mpaka mkazo huo ufikie kikomo cha Coulomb, yaani kizigeu cha msuguano mara mgandamizo. Wengi huuona ukakamavu huo kuwa chombo cha hesabu tu na huiachia programu iuchague. Napinga mazoea hayo, hasa katika uchakavu unaoletwa na mitikisiko midogo. Kwa mfano, Abaqus, programu ya elementi finiti, isipopewa thamani nyingine huruhusu msogeo huo wa bandia ufikie 0.005 ya urefu wa uso wa elementi. Kwa elementi ya milimita 1, hiyo ni mikromita 5, ilhali mtelezo halisi tunaoutafuta mara nyingi ni wa mikromita chache hadi makumi kadhaa.

Mchangiaji wa kwanza:
Hesabu hiyo ni sahihi, lakini dawa yake ina gharama. Ukakamavu ukizidi, nukta za mguso hurukaruka kati ya kushika na kuteleza katika kila rudio na hesabu hazitulii. Anayetafuta kani ya jumla tu kwenye kiungo cha bolti hana sababu ya kujitesa hivyo. Mimi huuzidisha mara kumi, na jibu lisipobadilika, hurudi nilikotoka.

Mchangiaji wa pili:
Wapo wanaokimbilia kazi ya Mindlin ya mwaka 1949 kuhusu miili nyumbufu inayogusana, ambayo kwa chuma chenye uwiano wa Poisson (wa kusinyaa kwa upana dhidi ya kurefuka) wa 0.3 hutoa uwiano wa takriban 0.82 kati ya ukakamavu wa tanjenti na ule wa wima (wa pembe mraba na uso). Uwiano huo ni wa mguso mzima wa maumbo laini ya duara. Kuupachika kwenye penalti ya wima, ambayo nayo ni ya kubuni, ni kuazima heshima isiyostahili. Hata mteremko wa mchoro wa kani na msogeo uliopimwa maabara unabeba pia unyumbukaji wa vipande vyenyewe, ambao elementi zimekwisha kuuhesabu.

Mtoa hoja:
Nakubali, unyumbukaji huo uondolewe kwanza. Ila ripoti inayotaja kizigeu cha msuguano bila kutaja ukakamavu wa tanjenti wala ukubwa wa elementi, nani ataweza kuirudia?