Hivi Sahara Magharibi ni nchi au sio nchi? Mbona AU (Umoja wa Afrika) wamo wote wawili, wao na Moroko

Mgosi_Ngamiani
Wagosi habari za jioni. Jana kijiweni hapa Ngamiani ngumi zilitaka kupigwa kisa jezi. Jamaa mmoja Simba damu alikuwa anaikumbushia ile fainali ya Shirikisho na Berkane ya Moroko Mei 2025, tulikula 2 kwao tukaja kutoa 1-1 pale Amaan, akachomekea kwamba mwaka wa nyuma yake USM Alger ya Algeria waligoma kucheza na hao hao Berkane sababu jezi ina ramani ya Moroko imemeza na Sahara Magharibi. Mzee muuza kahawa akadakia hiyo ni nchi kamili na ubalozi wao uko Dar, mwingine akasema hamna nchi hiyo. Nimeingia mtandaoni ndo nikachanganyikiwa kabisa, AU Moroko yumo na Wasahrawi, wenyeji wa huko Sahara Magharibi, nao wamo. Inakuwaje, wanaogombea nyumba wanakaa sebule moja?

Mstaafu_Raskazone
Mwanangu, muuza kahawa hajakosea. Mhispania aliondoka 1976 bila kuwauliza wenyewe wanataka nini, Moroko na Mauritania wakagawana, Polisario, chama cha ukombozi cha Wasahrawi, wakatangaza jamhuri yao 27 Februari mwaka huo huo. Mauritania alinawa mikono 1979. Sisi tuliwatambua 1978.

Sasa hicho kiti cha AU. Februari 1982, kikao cha mawaziri Addis Ababa, katibu mkuu wa OAU (ndio AU ya zamani) Edem Kodjo wa Togo akawapokea Wasahrawi kama mwanachama wa 51. Hoja yake ilikuwa hesabu tu, mkataba ulitaka zaidi ya nusu ya nchi wakubali na walishatimia. Nchi 19 zikatoka nje! Mkutano wa wakuu Tripoli ukakwama mara mbili mwaka ule, akidi haikutimia. 1983 Wasahrawi wakaombwa wakae pembeni kwanza ili watu wakutane, wakakubali shingo upande. Novemba 1984 wakaketi, Moroko akabeba virago. Na mkutano huo ndio uliomchagua Mwalimu kuwa mwenyekiti wa OAU, nakumbuka nilikuwa nafundisha Muheza, walimu tumeizunguka redio moja betri zinakaribia kufa tunapokezana kushika antena.

Chongoleani_Boy
Shikamoo mzee. Naongezea hapo, Moroko alikaa nje miaka 32 akaja kugundua ukisusa wenzio wanakula. Mfalme Mohammed VI akaanza kuzunguka nchi moja moja hasa zile zilizokuwa hazimtaki, Oktoba 2016 akatua Dar kwa Magufuli, tukaahidiwa msikiti pale Kinondoni na uwanja wa mpira Dodoma. Msikiti upo watu wanaswali. Miezi mitatu baadae, Januari 2017, akarudishwa AU nchi 39 kati ya 54 zikimuunga mkono.

Kabla ya hapo kwenye mkutano wa Kigali Julai 2016 nchi 28 ziliomba Wasahrawi wasimamishwe, haikupita. Mkataba wa AU unaruhusu kuzuia serikali iliyoingia kwa mapinduzi, hamna sehemu inasema mwanachama atolewe kwa vile jirani hamtaki. Kwaiyo mgosi jibu lako ndo hilo, Moroko alishindwa kuwatoa Wasahrawi akiwa nje akaona bora aingie awabane humo humo ndani. Na kafanikiwa kiasi, 2018 kwenye mkutano wa Nouakchott, Mauritania, AU wakasema faili hili ni la UN wao watasaidia tu.

MuuzaSamaki_DeepSea
Nyie kaka zangu mnaongelea viti mi nauliza samaki. Bahari ya kule ina samaki balaa, meli za Ulaya zilikuwa zinavua kwa mkataba na Moroko, halafu mahakama ya EU Oktoba 2024 ikasema wenye eneo hawakuridhia. Halafu kuna fosfeti, yale mawe ya kutengenezea mbolea, kwenye mgodi wa Bou Craa, inasafiri kwenye mkanda mpaka baharini karibu kilomita 100, yani kama hapa mpaka Korogwe mawe yanatembea yenyewe tu. Hapo ndo pana ugomvi, ramani ya jezi kisingizio.

Wakili_Kijiweni
Dada kweli kabisa. Halafu watu wanasahau kesi ya hapo Arusha, Mahakama ya Afrika, Septemba 2022. Mghana mmoja alizishtaki nchi 8 na Tanzania ikiwemo, kwamba zimeacha Moroko arudi AU huku amekalia ardhi ya mwanachama mwenzie. Majaji wakasema huko kukalia kunapingana na haki ya watu kujiamulia, ila nchi hazikukutwa na kosa. Wote wakatoka wanacheka.

Mstaafu_Raskazone
Na UN kwenyewe upepo umegeuka. Oktoba 2025 Baraza la Usalama, azimio 2797, kura 11, mazungumzo yaanzie kwenye mpango wa Moroko wa kuwapa utawala wa ndani. Urusi, China na Pakistani hawakuegemea upande, Algeria haikupiga kura kabisa. Kura ya maoni waliyoahidiwa Wasahrawi tangu 1991 mpaka leo sijaiona.

Mgosi_Ngamiani
Shukrani wakuu. Nimemsomea mzee muuza kahawa yote haya, kikombe changu cha leo bure na kashata juu. Yule wa Simba anasema habari za Addis hazimhusu, yeye lile goli la fainali lililokataliwa bado linamuuma.