Wakuu, niache boksi nikomae na mashine za maswali? Naombeni ushauri

Pweza_Nchikavu
Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu usihamishiwe kwenye vichekesho, niko siriasi.

Niko Uingereza, nasoma, mwaka wa pili huu. Wikiendi nabeba boksi, hizi kazi za vibarua za ughaibuni, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mwaka jana mwezi wa kumi Mzungu mmoja wa shifti yetu alinivuta baa. Mimi sinywi, nikaagiza soda. Kwenye kona kulikuwa na mashine: unaweka pauni moja, linakuja swali na majibu manne, unagusa kioo huku sekunde zinakimbia. Wazee watatu walikuwa wamekwama hapo. Freddie Mercury alizaliwa wapi? Nikasema Zanzibar, glasi iko mdomoni. Wakanitazama kama nimewaibia. Likaja la mito ya Afrika, nikajibu. Likaja la AFCON, nikajibu. Ikatema pauni 20, wakanikatia tano.

Tangu hapo naenda mwenyewe. Kuna wiki nimetoka na 90, kuna wiki 120. Swali langu dogo tu: niache boksi nifanye hii kwa utulivu, au niende navyo vyote viwili? Nawasilisha.

Siti_ya_Dirishani
Nimekaa. Wa karanga apite huku.

BabaNaima
Ulifuata nini baa? Soma Al-Maida aya ya 90. Ulevi na kamari vimetajwa pamoja, na wewe umevikuta chumba kimoja, bado unaomba ushauri.

Pweza_Nchikavu
Shehe wangu, kamari ni bahati. Hapa unajibu swali, usipojua hupati. Ni sawa na mtihani, tofauti wanalipa.

Mzee_wa_Mbagala
Mdogo wangu, nikusimulie. Dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, lilipoingia mtaani kwetu liliwekwa kando ya duka la Mangi, la sarafu za mia mbili. Siku ya kwanza nilitia sita, likamwaga mpaka nikavua kofia kukingia. Nikanunua kuku mzima, watoto wakaniita baba kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mwezi wa pili nilikuwa navunja noti ya elfu kumi ya mama watoto, ya unga na mafuta, natembea na sarafu mfukoni nalia kama punda wa kengele. Mangi ndiye aliyenifukuza. Aliniambia, kaka, kila jioni nalifungua mimi nikahesabu, najua kilichomo, nenda nyumbani.

Pweza_Nchikavu
Pole mzee, ila dubwi na hii ni vitu viwili tofauti. Dubwi halikuulizi kitu.

WakiliPori
Hapo mleta uzi ana hoja. Sheria yao ya kamari ya 2005 inasema mchezo wenye bahati na ujuzi vikichanganyika unahesabiwa wa bahati. Mashine ya maswali inapona kwa kuwa ni ya ujuzi mtupu. Ushuru inalipa, tangu 1 Februari 2013 iliingizwa kwenye ushuru wa mashine, lakini huo ni mzigo wa mwenye baa.

Sasa sikiliza. Kuna kesi ya 1925, Graham v Green, jamaa aliishi kwa kubeti farasi, mahakama ikasema hiyo si biashara, hatozwi kodi ya mapato. Ila yule alikuwa anabahatisha. Wewe unatuapia kwamba hubahatishi. Ukimshinda shehe kwa hoja hiyo, unajipeleka mwenyewe kwa watu wa kodi. Na viza ya mwanafunzi inakupa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, kujiajiri hairuhusu. Usije ukaandika popote kwamba "hii ndiyo kazi yangu".

Mama_Vitumbua
Mnamzungusha tu kijana. Mdogo wangu, umesema wiki ulizoshinda. Ambazo hukushinda ziko wapi? Na hizo pauni za kuingiza unatoa mfuko gani?

Siti_ya_Dirishani
Mama kashika penyewe.

Pweza_Nchikavu
Dada, kila biashara ina mtaji na ina msimu. Januari walibadilisha maswali. Nilikuwa na daftari, kila swali jipya naandika na jibu lake, nilishafika maswali mia nane na kitu. Yakawa hayaji tena. Sasa hivi yanakuja ya tamthilia zao za zamani na mbio za farasi. Ni suala la muda, nitayashika.

Mama_Vitumbua
Nimeuliza mfuko gani.

Pweza_Nchikavu
Sawa. Wife alinitumia. Alikopa VICOBA, kikundi chao cha kukopeshana, milioni mbili na nusu, huku ikawa pauni mia saba na kitu. Zimebaki 210. Kabla hamjaanza: sikumdanganya. Nilimwambia mtaji wa mashine, na mashine ipo. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake kikaoni ni mashine ya kufyatulia tofali. Hilo neno sikulitoa mimi.

Mzee_wa_Mbagala
Lahaula.

BabaNaima
Juu ya kamari ameongeza riba. Endelea, bado dhambi chache.

Mama_Vitumbua
Na ulimsahihisha aliposema tofali?

Pweza_Nchikavu
Simu ilikuwa inakatika.

Boksi_Mstaafu
Nimeishi huko 2003 mpaka 2011. Enzi hizo mashine hizo zilijaa, na kulikuwa na watu wanaozunguka nazo mji kwa mji, wanaingia baa tatu kabla ya mchana, wanakomba, wanapanda treni. Madaftari kama lako. Tena walikuwa wawiliwawili, mmoja mpira na siasa, mwingine muziki na filamu. Wenye mashine si wajinga. Wanabadilisha maswali, na mashine ikilipa sana maswali yanakuwa magumu mpaka unajiuliza kama uliwahi kwenda shule. Wengi wa wale watu waliishia kwenye ajira kama sisi. Rudi kwenye boksi, ukicheza cheza ya soda.

Pweza_Nchikavu
Asante mkuu, wewe ndiye umeelewa. Ila boksi nilishaandika barua wiki mbili zilizopita.

Siti_ya_Dirishani
Kumbe ushauri wa nini sasa 😂

Fundi_Stafeli
Chai. Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi. Dunia ya leo kila mtu ana simu mfukoni, nani bado anaweka mashine ya maswali baa? Huyu yuko Tabata, kasikia stori kwa mjomba wake. Freddie Mercury, ya kwanza kabisa? Imekaa vizuri mno. Weka picha ya mashine.

Pweza_Nchikavu
Picha siweki. Baa ya mwanzo wameshanikataza kuigusa, nikianza kupiga picha na hii nitafukuzwa. Mwenye baa aliniambia ni ya kuburudisha wateja, si ya kulipa mishahara, na mimi nanywa soda moja kwa saa tatu nzima.

Fundi_Stafeli
Haya, mtaalamu. Vita fupi kuliko zote duniani?

Pweza_Nchikavu
Mwingereza na Zanzibar, 27 Agosti 1896, haikumaliza saa. Hiyo ilishanipa hela mara mbili.

Fundi_Stafeli
Google hiyo. Urefu wa Kilimanjaro?

WakiliPori
5,895.

Boksi_Mstaafu
Walipima upya 1999 kwa setilaiti, ikatoka 5,892.

WakiliPori
Vitabuni ni 5,895.

Boksi_Mstaafu
Mlima hausomi vitabu.

Pweza_Nchikavu
Mashine inataka 5,895. Ukileta ya setilaiti umekosa na pauni imekwenda. Ndiyo ninachowaambia, huu ni ujuzi. Hujibu unachojua, unajibu inachotaka.

Siti_ya_Dirishani
Na mimi niulizeni jamani. Za mpira tu lakini.

Mama_Vitumbua
Fundi, hata kama ni chai, kuna mke wa mtu mahali anadaiwa kikundini. Mdogo wangu, kikao ni lini?

Pweza_Nchikavu
Jumamosi. Marejesho ya kwanza.

Mama_Vitumbua
Leo Jumatano. Pauni 210 zirudi leo kabla hujalala, hiyo inafunika rejesho moja au mawili. Halafu mpigie umwambie tofali hakuna. Atalia, atakutukana, lakini atajua aseme nini mbele ya wenzake. Na ile barua ya kazi kaifute kama hawajampa mtu nafasi. Uko wapi saa hizi?

Mama_Vitumbua
Pweza?

Pweza_Nchikavu
Wakuu haraka, mke wa pili wa Henry wa Nane, yule aliyekatwa kichwa, jina!!

Mzee_wa_Mbagala
Mama watoto alikuwa sahihi kuhusu watu kama sisi.

WakiliPori
Anne Boleyn.

Pweza_Nchikavu
Muda uliisha mkuu.